Mashine ya Kuosha Vyombo Inapogoma: Tutafuteje Kosa la Umeme?

Mashine haina kinywa cha kusemea ugonjwa wake. Mtoto mgonjwa hulia, ng'ombe mgonjwa hukataa majani, lakini mashine hunyamaza tu. Mwenye nyumba asiyejua tabia yake husimama mbele yake, akabonyeza kitufe hiki na kile, kisha akamwita fundi wa kwanza anayepita njiani. Naye fundi huyo, kama hakujifunza vema, hubadilisha kipande hiki, halafu kile, mpaka fedha ya nyumba imekwisha na mashine bado imelala.

Leo twataka kueleza jinsi ya kutafuta kosa la umeme katika mashine ya kuosha vyombo. Kwetu Kongo mashine hizi ni chache bado katika nyumba za watu. Lakini ndugu zetu wanaokaa Ubelgiji, Ufaransa na Kanada wanazijua sana. Na hata asiye nayo atapata faida. Kwa maana mashine hii imeunganisha vitu vitatu ambavyo havipatani kwa urahisi: maji, moto na umeme. Mwenye kuielewa ataelewa pia mashine ya kufua nguo, birika la umeme, na hata pasi.

MASHINE HII ILITOKA WAPI?

Aliyeifanya mashine hii ipate sifa ni mwanamke, jina lake Josephine Cochrane, wa mji wa Shelbyville katika jimbo la Illinois, Marekani. Watu walikwisha jaribu kabla yake; lakini mashine zao hazikufaa sana. Bibi huyu alikuwa na vyombo vya thamani, naye alichoka kuona vinavunjika kingo mikononi mwa watumishi. Mumewe alifariki mwaka 1883 akimwachia madeni. Hapo kazi yake ikawa si ya kujifurahisha tena, bali ya kujipatia riziki. Akishirikiana na fundi mmoja, George Butters, alitengeneza mashine isiyotumia brashi bali nguvu ya maji yanayorushwa juu ya vyombo vilivyopangwa katika vikapu vya waya. Tarehe 28 Desemba 1886 alipewa hati ya uvumbuzi wake. Mwaka 1893 mashine zake zilionekana katika maonyesho makubwa ya Chicago, na wanunuzi wake wa kwanza walikuwa hasa mahoteli. Alifariki mwaka 1913, kabla mashine hizo hazijaingia katika nyumba za watu wa kawaida.

NAMNA INAVYOFANYA KAZI

Huwezi kujua kilichoharibika kama hujui kilivyokuwa kikitenda kilipokuwa kizima. Basi tuifuate mashine hatua kwa hatua.

Mlango ukifungwa, komeo lake hubonyeza swichi ndogo. Bila swichi hiyo mashine haianzi, isije ikamrushia mtu maji ya moto. Kisha umeme hupita katika koili ndogo ya waya penye mlango wa maji. Koili hiyo hugeuka sumaku, ikavuta kipande cha chuma, maji yakaingia. Maji hayajazi mashine: mashine za siku hizi hutumia kiasi cha lita 10 mpaka 15 tu kwa kazi yote. Yale yale machache huzungushwa tena na tena.

Pampu kubwa huyasukuma maji katika mikono yenye matundu, nayo mikono huzunguka kwa nguvu ya maji yenyewe. Hita huyapasha moto, mara nyingi kufikia nyuzi 50 mpaka 70. Kipande kidogo kinachopima joto huipasha habari bodi ya umeme, ambayo ndiyo msimamizi wa kazi yote. Mwishoni pampu ndogo huyatoa maji machafu. Pampu, koili, hita: kila kimoja kina zamu yake. Tafadhali, msomaji, ushike neno hilo la zamu, kwani ndilo litakalotusaidia kumkamata mwizi.

KWANZA USALAMA

Kabla ya kushika bisibisi, chomoa waya wa mashine ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa maana umeme huendelea kufika ndani hata kitufe kikiwa kimezimwa. Funga na bomba la maji. Kausha sakafu, uvae viatu, na uwaondoe watoto. Ngoja dakika chache, kwani ndani mna vipande viitwavyo kapasita vinavyoweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Kwa kazi hii chombo chetu kikuu ni multimita, yaani mita ndogo ya kupimia umeme. Kwanza gusanisha ncha zake mbili: ikionyesha karibu na sifuri, ni nzima. Kisha yafaa kushika sheria mbili. Ya kwanza: ukipima ukinzani, unaohesabiwa kwa omu, pasiwe na umeme hata kidogo katika mashine. Ya pili: chomoa waya mmoja wa kipande unachokipima, usipofanya hivyo, mita yaweza kupima njia nyingine inayozunguka nyuma, nawe ukadanganyika. Kabla ya kuchomoa nyaya, zipige picha kwa simu, ili ujue kurudisha kila mmoja mahali pake.

Asiyejua kupima aishie kwenye bomba, chujio na plagi. Si aibu. Kufungua vifuniko vya chini na nyuma ni kazi ya mtu aliyejifunza.

MASHINE IMEKUFA KABISA

Hakuna taa, hakuna sauti. Wengi husema mara moja: «Bodi imeungua.» Bodi ndiyo kipande cha bei kubwa kuliko vingi, kwa hiyo iwe ya mwisho kushtakiwa, si ya kwanza.

Anza ukutani. Chomeka katika tundu lile lile taa unayojua kwamba ni nzima. Isipowaka, mashine haina kosa. Ikiwaka, chunguza plagi: imegeuka rangi? Inanuka moto? Kisha pima waya wake, mwanzo mpaka mwisho. Halafu pima swichi ya mlango: ikibonyezwa mita ionyeshe karibu na sifuri, ikiachwa ionyeshe kwamba njia imekatika. Mara nyingi swichi yenyewe ni nzima, bali komeo limelegea na haliibonyezi sawasawa.

Sasa tazama mahali pasipotazamwa sana: karibu na bawaba za mlango. Katika mashine nyingi nyaya zinazokwenda mlangoni hukunjwa kila mara mlango unapofunguliwa. Baada ya miaka, shaba ya ndani hukatika na ngozi ya nje ikabaki nzima. Jicho halioni kitu. Weka ncha za mita katika miisho miwili ya waya huo, kisha fungua na kufunga mlango pole pole. Hesabu ikirukaruka, umeupata ugonjwa. Waya wa bei ndogo umeiokoa bodi ya bei kubwa.

VYOMBO VYATOKA BARIDI NA MAFUTA

Mashine inazunguka, maji yanaingia na kutoka, lakini sahani zinatoka zikiteleza kwa mafuta. Hapa twashuku hita. Lakini kwanza safisha chujio na utazame kama maji yanaingia ya kutosha, kwani mashine nyingi hukataa kuwasha hita maji yakiwa machache, isije ikaungua. Huko si kuharibika, ni kujilinda.

Maji yakiwa ya kutosha, pima hita. Hesabu yake ni rahisi, na wanafunzi wetu wataipenda: zidisha volti kwa volti, kisha gawa kwa wati. Hita ya wati 2000 kwa umeme wa volti 220 itatupa 48,400 gawa kwa 2000, yaani omu 24 hivi. Mita ikionyesha karibu na hapo, waya wa hita haukukatika. Ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, hita imekufa.

Hita ikiwa nzima, tusikate tamaa wala tusibahatishe. Pima kilinzi cha joto kilichofungwa karibu nayo. Pima na kile kipande kinachopima joto: katika mashine nyingi, ukikishika mkononi kikapata moto, omu zake hupungua. Zisipogeuka hata kidogo, kimeharibika na kinaidanganya bodi.

Na hivyo vyote vikiwa vizima? Hapo ndipo tufike kwenye bodi, na hasa kwenye rilei, swichi ndogo inayoiwashia hita. Hita yetu ya wati 2000 hunywa ampea 9 hivi, na zote hupita katika rilei hiyo. Kwa miaka mingi, lehemu iliyoshika miguu yake hupata moto na kupoa, ikapasuka ufa mwembamba kama unywele; pembeni yake bodi hugeuka rangi ya kahawia. Fundi mwenye mkono mzuri aweza kuondoa lehemu ile ya zamani na kuweka mpya, au kubadilisha rilei peke yake. Bodi iliyoungua sana, hiyo ibadilishwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

UMEME UNAKATIKA NYUMBA NZIMA

Kosa hili ndilo la kuogopwa kuliko yote, nalo ndilo linalodharauliwa sana. Kwanza tazama ni swichi gani iliyoanguka katika sanduku la umeme. Ikiwa ni ile ya kawaida, umeme uliopita ulikuwa mwingi mno: labda nyaya mbili zimegusana, labda jiko, birika na mashine vimetumia njia moja. Lakini ikiwa ni ile inayolinda watu, ambayo mara nyingi huwekwa kukata kwa miliampea 30, maana yake ni kwamba umeme unavuja. Unatoka katika njia yake na kushika njia ya ardhi. Mahali pasipokuwa na waya wa ardhi, njia hiyo yaweza kuwa mwili wa mtu.

Sasa lile neno la zamu lina kazi. Tazama saa. Umeme ukikatika mara tu plagi inapochomekwa, shuku waya, plagi, au kichujio cha umeme kilicho mwanzoni mwa nyaya za ndani. Ukikatika mashine inapoanza kutoa au kuingiza maji, shuku pampu ndogo au koili ya mlango wa maji. Ukikatika baada ya dakika kadhaa, maji yanapoanza kupata moto, hita ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Ukikatika katikati ya kuosha, bila mpango, pengine maji yanadondoka juu ya nyaya kutoka katika mpira uliochoka.

Kuhakikisha, chomoa nyaya zote za hita, ukapime kati ya mguu wake na chuma chake cha nje. Pasiwe na njia yoyote. Lakini mita ya kawaida hutumia volti chache sana, na uvujaji mdogo waweza kuipita. Kwa hiyo fundi kamili hutumia kipimo cha volti 500. Hita iliyokaa miezi mingi bila kazi yaweza pia kuvuta unyevu katika unga unaotenga waya wake na chuma. Kausheni, pimeni tena. Ikivuja bado, ibadilishwe.

MAJI YAMEBAKI CHINI

Si kila kosa linalofanana na kosa la umeme ni la umeme. Sikiliza pampu ndogo. Ikivuma bila kutoa maji, umeme unafika. Kuna kitu kimeikaba: kipande cha kioo, mbegu ya limau, au mfupa wa kuku. Isipovuma kabisa wakati wa zamu yake, ndipo upime koili yake na nyaya zake.

Na ikiwa inavuma bila kukoma, wala mashine haitaki kupokea maji mapya? Tazama sahani ya chini kabisa, chini ya mashine. Mashine nyingi zina boya dogo huko. Maji yakivuja na kujaa hapo, boya hupanda na kuiambia bodi: «Toa maji, usiingize mengine!» Mara nyingine sababu ni sabuni tu: mtu ametia sabuni ya kuoshea kwa mikono, povu likafura na kumwagika. Kausha sahani hiyo, tafuta mahali panapovuja, tumia sabuni iliyowekwa kwa mashine. Lakini usilifunge boya lile kwa kamba ili linyamaze. Huko ni kumfunga mdomo mlinzi ili wezi wasisumbuliwe.

UMEME WENYEWE UKIWA MGONJWA

Katika miji yetu ni lazima kuuliza jambo moja zaidi: je, ni mashine inayougua, ama ni umeme? Kwetu umeme wa nyumbani umepangwa kuwa volti 220. Jioni, wote wanapopika, waweza kushuka sana. Tuseme umefika 160. Mtu atafikiri kwamba nguvu imepungua robo tu. Sivyo! Nguvu ya hita hufuata volti mara volti, kwa hiyo hita ya wati 2000 hubaki na wati 1060 hivi, karibu nusu. Maji yatakawia mara mbili, na bodi yaweza kusimamisha kazi na kutoa alama ya kosa la hita, hali hita ni nzima kabisa. Fundi asiyepima volti kwanza atauza hita mpya bure.

Umeme unaporudi baada ya kukatika, waweza kuja kwa kishindo na kuipiga bodi. Basi unapokatika, chomoa mashine. Uirudishe umeme ukiisha kutulia. Tena, anayeletewa mashine kutoka Marekani asome kibandiko chake: huko nyumba nyingi hutumia volti 120, na mashine ya namna hiyo ikichomekwa katika 220 itaungua. Hapo mashine haikukosa lolote.

KILINZI SI ADUI

Twamalizia na jambo ambalo kwalo watu hufa. Fyuzi ikikatika, wengine hufunga kipande cha waya mahali pake. Swichi ya kulinda watu ikianguka kila mara, wengine huiondoa. Mashine hapo hufanya kazi, na mwenye nyumba humshukuru fundi. Lakini fyuzi haikatiki bila sababu; na sababu imebaki ndani, sasa bila kizuizi. Mama atakayefungua mlango huo wa chuma kwa mkono uliolowa, yeye ndiye atakayelipa.

Hata makampuni makubwa hukamatwa na hatari hii. Mwaka 2007 huko Marekani kampuni ya General Electric iliita zirudishwe mashine za kuosha vyombo zipatazo milioni 2.5, kwa sababu dawa ya kusuuzia vyombo iliweza kuvuja juu ya nyaya na kuwasha moto. Hapakuwa na kipande kikubwa kilichovunjika. Matone tu, juu ya waya, yalitosha.

Kwa hiyo, wenye nyumba, fundi akija kwenu msimwulize bei peke yake. Mwulizeni: «Umepima nini? Mita imeonyesha hesabu gani? Kipande cha zamani kiko wapi?» Fundi wa kweli hatakasirika, atafurahi kuonyesha kazi yake. Akisema tu, «Nimezoea,» mwambieni kwa heshima apime kwanza.

Nanyi vijana mnaojifunza kazi ya umeme, shikeni desturi hii tangu sasa: sikilizeni, tazameni saa, pimeni, kisha ndipo mfungue. Anzeni kwa kilicho rahisi na cha bei ndogo, mwishie kwa kilicho kigumu na cha bei kubwa. Na mashine ikiisha kupona, msiondoke bado. Pimeni waya wa ardhi, kutoka mguu wa plagi mpaka chuma cha mashine: mita ionyeshe karibu na sifuri. Kisha mhakikishe kwamba tundu la ukutani nalo limeunganishwa na ardhi. Kazi hiyo ya dakika moja hakuna atakayewalipa fedha kwa ajili yake. Lakini yaweza kuwa ndiyo iliyomwacha mtu hai.